Rufaa ya kesi ya mauaji: ubebe kosa la kuelekeza wazee wa baraza au upige kwenye ushahidi?

Niseme mapema mi si wakili, mi nachapa na kutoa kopi hapa Mtwara mjini, ila ukichapa makaratasi ya mahakama miaka na miaka unaanza kuyaelewa hata kama hukutaka. Kilichonifanya niandike ni mzee mmoja aliyeshuka na basi la Tandahimba asubuhi, kaingia dukani na bahasha ya kaki imekunjwa mara nne, ndani mna hukumu na mwenendo wa kesi ya mpwa wake, yuko gereza la Lilungu, kahukumiwa kunyongwa. Mjomba mtu, na huku kwetu mnajua, mjomba ndo mwenye mtoto, baba anakaa pembeni anasikiliza.

Nimemwamkia, kaitikia, kakaa, kaanza: "Mwanangu, wenzake huko ndani wamemwambia kuna kosa la wazee wa baraza, eti jaji hakuwaelekeza vizuri na hilo peke yake linamtoa. Wakili tuliyepewa na serikali yeye anasema twende kwenye ushahidi. Sasa twende wapi?"

Hilo swali nimelisikia kwa watu wa Newala, wa Masasi, mpaka wa Nachingwea, na majibu wanayopewa mtaani mengi ni ya nusunusu, kwa hiyo naziweka hizo njia mbili hapa zikae pamoja mtu azione.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Wengi tunaangalia muvi za Kimarekani tunadhani kila mahakama ina wale watu 12 wamekaa upande. Hapa Tanzania Bara juri hatuna. Tulichokuwa nacho Mahakama Kuu ni wazee wa baraza, na kwa miaka mingi ilikuwa lazima, kila kesi ya jinai inayosikilizwa pale iwe nao wasiopungua wawili. Wanasikiliza kesi mwanzo mpaka mwisho, af jaji anafanya majumuisho, yaani anawakumbusha mashahidi walisema nini na anawaeleza sheria inasemaje juu ya mambo yale muhimu ya kesi hiyo, kisha kila mzee anatoa maoni yake, na jaji halazimiki kuyafuata. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, wakaacha kuwa lazima, sasa jaji anawaita akiona haki inawahitaji. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa yeyote anayekuja na bahasha kama ya yule mzee ni: kesi ilisikilizwa lini? Kama ilisikilizwa baada ya hapo na hakukuwa na wazee wa baraza, hiyo hoja ya wenzake wa gerezani haipo kabisa, usipoteze karatasi. Ya huyu mpwa hukumu ilisomwa 2021 na wazee watatu walikuwepo, basi hoja ipo, tuendelee.

Hoja yenyewe si ya kubuni, ina mizizi mirefu. Tangu 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kwenye kesi ya Washington Odindo ilishasema maoni ya wazee wa baraza yana thamani kubwa ila tu kama wameelewa ushahidi pamoja na sheria inayouhusu, wasipoelezwa sheria thamani inashuka. Halafu 1982 ikaja ya Tulubuzya Bituro, Mahakama ya Rufani yetu ikaenda mbali zaidi: wazee wakielekezwa vibaya kwenye jambo la msingi, kesi hiyo haiwezi kuhesabiwa kwamba ilisikilizwa kwa msaada wao. Na sheria ilitaka isikilizwe kwa msaada wao. Kwa hiyo kesi ikawa kama haijasikilizwa kisheria. Shikeni hapo kwenye "kama haijasikilizwa", ntarudi, maana ndo penye mtego wote.

Hawa wenzake wa ndani walivyoipa uzito hoja hii nadhani wameichanganya na mambo ya nchi za juri. Kule Uingereza na Marekani maelekezo ya jaji ndo roho ya rufaa, na sababu yake ukiifikiria ni rahisi, juri haitoi sababu. Wanajifungia chumbani, wanatoka na neno moja, ana hatia au hana, basi, nani aliamini shahidi gani hujui na hutajua. Kitu pekee kilichobaki kwenye maandishi ni kile jaji alichowaambia kabla hawajaingia chumbani, kwa hiyo wakili wa rufaa anakibangua kama mama anavyobangua korosho, punje kwa punje, neno moja likikaa vibaya linamtosha.

Mfano unaotajwa sana ni wa Woolmington. Kijana wa shambani Uingereza, mke kamkimbia karudi kwa mama yake, kijana kaenda na bunduki, mke kafa. Yeye anasema nilitaka kumtisha tu kwamba nitajiua, ikafyatuka. Jaji akaiambia juri kwamba ikishathibitika huyu ndo aliyeua, ni juu yake mwenyewe kuonyesha ilikuwa ajali. Wakamtia hatiani, adhabu kitanzi. Ilipofika mahakama ya juu kabisa ya kule, 1935, wakasema hapana, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho, mshtakiwa akitia shaka tu inatosha. Akaachiwa. Hata mawakili wetu hapa Mtwara wanaisimamia kanuni hiyohiyo kila siku.

Marekani nako wana zao. Mwaka 1979 kwenye Sandstrom na jimbo la Montana jaji aliiambia juri kwamba sheria inachukulia mtu anakusudia matokeo ya kawaida ya anachokifanya kwa hiari, mahakama ya juu ikasema hapo umewabebea upande wa mashtaka mzigo wao wa kuthibitisha nia. Ila msidhani kule kila kosa linaangusha kesi. 1993, Sullivan na jimbo la Louisiana, jaji alieleza vibaya maana ya shaka yenyewe, ikaonekana hilo ni kosa la kwenye msingi wa nyumba, hukumu ikaanguka bila kuuliza ushahidi ulikuwa mkali kiasi gani. Ila 1999 kwenye kesi ya Neder, jaji hakuipa juri iamue kipengele kizima cha kosa la udanganyifu wa kodi, wakasema ushahidi wa kipengele hicho ulikuwa mzito mno juri yoyote ingefika palepale, hukumu ikabaki. Na kule wakili asipopinga maelekezo palepale kabla juri haijaingia chumbani, rufani anakuta mlango umebanwa nusu, lazima aonyeshe kosa lilikuwa la wazi na lilimuumiza mteja wake.

Sasa turudi Mtwara. Hapa jaji anaandika hukumu kurasa kwa kurasa, anasema nimemwamini shahidi wa pili kwa sababu hii, nimekataa utetezi kwa sababu ile. Kila kitu kiko mezani. Mahakama ya Rufani haina haja ya kubahatisha kupitia majumuisho, inaisoma akili ya jaji mwenyewe, na kwa kuwa ni rufaa ya kwanza ina mamlaka ya kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake. Ndo maana kwetu kosa la maelekezo halikuwa hoja ya "huyu hana hatia". Lilikuwa hoja ya "kikao hakikukamilika".

Basi ulinganisho wenyewe unaanza na swali hili: ukishinda, unapata nini mkononi?

Ukishinda kwa kosa la majumuisho peke yake, mwenendo unabatilishwa, hukumu inafutwa, adhabu inafutwa. Wenye furaha wanapiga vigelegele hapo nje ya mahakama, af wanasikia sentensi inayofuata: kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine. Mara nyingine wanafuta kuanzia majumuisho tu, irudi ifanyiwe majumuisho mapya na hukumu mpya. Na mauaji hayana dhamana. Kwa hiyo mtu anatoka kuwa mfungwa anakuwa mahabusu, gereza lilelile, anabadilisha nguo, anasubiri tena kikao cha Mahakama Kuu. Nimeona mama mmoja hapa alilia kwa furaha asubuhi, jioni akaja kuniuliza "mbona gari la magereza limemrudisha?" Sikuwa na la kumwambia, nikampa kiti.

Ukishinda kwa ushahidi, mahakama ikasema upande wa mashtaka haukuthibitisha, anaachiwa, anatoka, habari imeisha.

Kwa hiyo kwa zawadi hakuna ubishi, ushahidi unashinda kwa mbali. Ila zawadi kubwa ina mlima wake.

Kosa la majumuisho ni rahisi kulionyesha, unafungua ukurasa unasema onyesheni hapa jaji aliwaambia wazee habari ya utambuzi wa usiku, hakuna, basi. Halihitaji mtu kubishana nani muongo. Ushahidi ni kazi, mahakama ya rufani haikumwona shahidi akiongea, kwa hiyo habari ya nani anaaminika kwa sura na mwenendo wake kizimbani wanamwachia sana jaji aliyemsikia. Ukienda pale na "shahidi alikuwa anadanganya" bila kuonyesha maneno yake yanapogongana na ya mwenzake, unarudi hivyohivyo. Na lile la majumuisho nalo lisionekane mteremko mtupu, sheria ina kifungu kinachosema kosa la utaratibu halifuti hukumu kama halikuleta dhuluma, upande wa mashtaka wanakishika hicho kila mara.

Nikafungua mwenendo wa mpwa, tukakaa na mzee tunasoma, yeye hajui Kiingereza, na mwenendo wote ni Kiingereza. Hiki nacho ni kichekesho chetu, kesi imesikilizwa kwa Kiswahili, jaji kaandika Kiingereza, wazee wa baraza wameelezwa kwa Kiswahili ila kinachosomwa rufani ni kile cha Kiingereza, kwa hiyo kama jaji aliongea zaidi ya alivyoandika, imekula kwa aliyeandika. (Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na mahakama 2021, ila majalada ya zamani ndo haya.)

Ukurasa wa 71. Majumuisho yote mistari 23, nimeihesabu kwa kalamu. Mistari 15 ni nani alisema nini. Mistari 6 ni nia ovu, kwamba ikithibitika alikusudia kuua au kudhuru vibaya basi ni mauaji. Mistari 2 ni kuwashukuru wazee. Habari ya utambuzi, hamna. Habari ya mshtakiwa kusema hakuwepo, hamna. Na kesi yenyewe ni ya kilabu cha uraka, msimu wa mabibo, saa nne usiku, watu wamelewa, ugomvi umeanza kwa kumwagiana, mtu kachomwa kisu. Habari ya ulevi na ugomvi, hamna.

Wazee wawili wakasema ana hatia. Wa tatu kasema hana, na maoni yake yameandikwa mstari mmoja ambao mjomba mtu aliniomba nimsomee mara mbili: usiku ule kwa taa ile hata mimi nisingemtambua mwanangu.

Sasa angalieni, huyo mzee wa tatu, bila kuelekezwa na mtu, kagusa palepale penye ushahidi. Shahidi mkuu alisema alimtambua kwa mwanga wa koroboi iliyokuwa kaunta, hakusema umbali, hakusema alimwangalia kwa muda gani, na alipoulizwa polisi kwa mara ya kwanza alisema "vijana wawili", jina kalitaja siku ya tatu. Kesi ya Waziri Amani ya 1980 inajulikana na kila anayekata rufaa nchi hii, ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu, usiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa, umbali, mwanga, muda, kama walijuana, kama kuna kitu kilizuia macho. Hapo kuna hoja nene ya ushahidi.

Af kuna maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandikisha mtuhumiwa baada ya kumwonya. Kakamatwa Newala saa moja asubuhi, maelezo yamechukuliwa kesho yake mchana. Sheria inawapa polisi masaa 4 tangu mtu awe chini ya ulinzi, muda wa safari hauhesabiwi na wanaweza kuongezewa, ila kwenye mwenendo hakuna aliyeeleza kwa nini ilichukua siku nzima. Maelezo ya hivyo yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Na ripoti ya uchunguzi wa mwili ilipokelewa kama kielelezo haikusomwa kwa sauti, hiyo nayo huondolewa, ingawa kifo kinaweza kuthibitishwa kwa mdomo wa walioona, kwa hiyo hapo usifurahi sana.

Mzee kanikatiza: "Sasa hilo la ulevi na ugomvi si ndo zuri? Kila mtu Tandahimba anajua walikuwa wamelewa."

Hapa ndo pagumu na ndo pa kuchagua kwa akili. Mpwa alijitetea kwamba aliondoka saa mbili, hakuwepo. Huwezi kusimama unasema sikuwepo na papohapo unasema nilikuwepo ila nilikuwa nimelewa na tuligombana. Ila jaji ana wajibu wa kuangalia utetezi unaojitokeza kwenye ushahidi hata kama mshtakiwa hakuusema, na hao mashahidi wa upande wa mashtaka wenyewe ndo waliosema kulikuwa na ugomvi. Kwa hiyo wakili mzuri anaweza kuiweka kama ngazi ya chini: kwanza tunasema hakutambuliwa sawasawa, na hata mkisema alitambuliwa, ushahidi wenu unaonyesha ugomvi wa ghafla, hiyo ni kuua bila kukusudia. Faida ya njia hii ni kwamba Mahakama ya Rufani inaweza kubadilisha yenyewe, ikatoa kifungo cha miaka badala ya kitanzi, bila kurudisha kesi chini. Hasara yake, ukiibeba kwa pupa unaharibu hoja ya kwanza, unamweka mtu wako kilabuni kwa mdomo wako mwenyewe.

Kuna jambo moja wenzake wa gerezani hawakulijua, na kwangu ndo lililoamua. Kuna kesi ya 1966, Fatehali Manji, ya mahakama ileile ya Afrika Mashariki. Inasema kesi inarudishwa kusikilizwa upya pale usikilizaji wa kwanza ulipokuwa batili au na kasoro, ila hairudishwi kama hukumu imeanguka kwa ushahidi kutotosha, wala hairudishwi ili kuwapa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matobo. Someni tena hiyo ya matobo. Ina maana kosa la majumuisho likiingia peke yake linavuta usikilizaji upya, ila likiingia nyuma ya ushahidi uliojaa matobo, unayo maneno ya kuwaambia majaji: batilisheni, na msirudishe, kwa sababu mkirudisha yule wa koroboi atakuja safari hii na umbali kwa mita na muda kwa dakika. Ni kosa lilelile, limebadilika kazi.

Kwa hiyo kwa mtu anayechagua, mi naona hivi. Kama ushahidi dhidi ya mtu wako ni mzito kweli, amekutwa na vitu vya marehemu, ameonyesha mwenyewe alipoficha kisu, kakiri kwa mlinzi wa amani, yule anayeruhusiwa kisheria kuandika ungamo la mtuhumiwa, na ungamo halina doa, basi kosa la majumuisho ndo tundu ulilonalo, libebe, ila ujue unanunua nini, unanunua kesi mpya na jaji mpya, mashahidi wengine watakuwa wamehama au wamefariki, wengine watakuja wamejiandaa zaidi, ni bahati nasibu. Kama ushahidi ni mwepesi kama wa huyu mpwa, usikubali kabisa hoja ya wazee wa baraza iwe ya kwanza kwenye karatasi, maana majaji wakishaikubali mapema wanaweza wasione haja ya kufika kwenye ushahidi, na wewe ulitaka wafike. Na miaka mtu aliyokaa ndani itajeni kwenye maombi, huwa inaangaliwa wanapofikiria kurudisha kesi au la.

Kwa wale wa kesi za baada ya 2022 zisizo na wazee, neno mnalotafuta ni "jaji alijielekeza vibaya". Ni yeye anajipa maelekezo mwenyewe ndani ya hukumu, tafuteni kama alijionya juu ya utambuzi, juu ya ungamo ambalo mshtakiwa alilikana baadaye, juu ya ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili tu bila aliyeona tukio. Akiwa hakujionya, mahakama ya juu kwa kawaida inaupima ushahidi yenyewe, hairudishi, kwa hiyo hapo njia mbili zimeshakuwa moja.

Muda usisahaulike, notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu hukumu, aliyeko gerezani anaitoa kupitia mkuu wa gereza, hakikisheni ina mhuri na tarehe inayosomeka. Ya mpwa ilikuwa na mhuri, siku ya 12, nikashusha pumzi.

Tukampigia wakili simu hapohapo, nikaweka sauti kubwa mzee asikie. Wakili kasema ndicho alichokuwa anataka kuwaambia ila kikao cha gerezani kilikuwa cha dakika kumi na kijana hakutaka kusikia. Tukachapa sababu za nyongeza: ya kwanza utambuzi, ya pili maelezo ya onyo, ya tatu, kwa kutanguliza "bila kuathiri ya kwanza", ugomvi. Ya nne wazee wa baraza, mistari miwili na nusu, ikiishia na ombi kwamba kesi isirudishwe.

Mzee kaangalia ile ya nne, kaniuliza mbona imekuwa fupi hivyo, wenzake walisema ndo kubwa. Nikamwambia mjomba, ndo imekaa kwenye saizi yake. Kacheka kidogo, kakunja nakala yake mara nne kama alivyokuja nayo, kauliza kopi ni shilingi ngapi, akaenda stendi kuwahi gari la saa nane.